Kamera ya ukutani, kamera ya usoni

Msomaji wetu mmoja aliyeko Birmingham anaishi na mama yake wa miaka 78, ambaye siku hizi huyumba anapoinuka. Anauliza: nifunge kamera sebuleni, au nimnunulie miwani yenye kamera?

Dada yangu, hizo ni kazi mbili. Kamera ya ukutani humwona mtu mzima mzima, lakini akiipa mgongo, mikono yake haionekani. Miwani huona mikono na kile anachokitazama, ila mvaaji mwenyewe haonekani. Ndiyo maana watafiti wa Meta na vyuo vikuu kadhaa, katika mradi wa Ego-Exo4D uliotangazwa mwaka 2023, waliwavalisha miwani watu zaidi ya 700 katika miji 13, huku kamera nyingine zimesimamishwa pembeni. Watu wakapika, wakatengeneza baiskeli, wakacheza mpira, na picha za pande zote mbili zikasomwa pamoja.

Kwa mama, basi, miwani haina kazi. Ya ukutani itafaa, mradi ujue inavyofikiri. Kompyuta hutafuta viungo: bega, kiwiko, nyonga, goti. Programu ya MediaPipe ya Google huweka nukta 33 mwilini na kufuata zinavyosogea. Nyonga zikishuka ghafla hadi sakafuni zisinyanyuke, mfumo wa kutambua kuanguka unaweza kupiga kengele. Lakini dera pana huficha magoti, na mama aliyesujudu muda mrefu anaweza kuhesabiwa kuwa ameanguka. Ijaribuni pamoja naye: aswali, akae mkekani, aokote tasbihi.

Kabla ya yote, mpeleke kwa daktari. Kuyumba wakati wa kuinuka mara nyingi hutokana na presha inayoshuka mtu anaposimama, au dawa anazomeza, na kamera haipimi presha. (Ukimrekodi akitembea, mwonyeshe daktari, hiyo ni faida ya kweli.)

Halafu muulize mwenyewe kama anaridhia. Sebuleni humo mashangazi huvua mitandio, na shemeji aliyeko Muscat akipewa nywila atawaona wote. Nywila iwe ya mtu mmoja au wawili, na wageni waambiwe. Lenzi isielekee kwa jirani wala barabarani: Uingereza, ikivuka mpaka wa nyumba yako, sheria ya taarifa binafsi inakuhusu.

Bafuni usifunge kamera kabisa. Huko weka kishikio ukutani, mkeka usioteleza na taa ya usiku.