Kima Punju Analaumiwa kwa Hasara Isiyo Yake

Vijana mnaolima kuzunguka Jozani mnaniuliza sana: "Bwana shamba, huyu kima punju tumfanyeje?" Wengine mmeshaanza kutaja sumu. Jibu langu ni fupi: mwacheni. Na sisemi hivyo kwa huruma tu, nasema kwa hesabu ya shamba.

Tumjue kwanza. Yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizotimka kichwani, asili yake ni Unguja tu, duniani kote hakuna kwingine. Hesabu iliyotolewa 2019 ilikuta wako zaidi ya 5,800. Huzaa mtoto mmoja mmoja, kwa hiyo ukiua majike wachache, pengo lake halizibiki haraka.

Hana kidole gumba, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe. Limeumbwa kwa majani machanga, maua na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari nyingi linamvuruga tumbo, ndiyo maana embe lako bivu huliacha. Ukiona mwizi anajaza mashavu na kukimbia, huyo siyo punju. Ni kima wa kawaida, yule mwenye koo jeupe. Punju hana mifuko ya mashavuni hata kidogo. Sasa mnawapiga mawe wote kwa kosa la mmoja!

Lile jina nalo limemponza. Punju ni sumu, na wazee waliamini mti anaokula utakufa. Kweli ni kwamba yeye ndiye anayehangaika na sumu: majani ya mwembe na mkungu yana kemikali zinazosumbua tumbo, basi anakula mkaa kwenye tanuri zetu na magogo yaliyoungua ili kuzipunguza nguvu.

Sisemi hagusi mazao. Anakula majani machanga ya mwembe, na anakula vidaka vya nazi. Hapo kwenye vidaka ndipo kesi ilipo. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilichunguza jambo hili hapa Unguja na kuchapisha matokeo 1999. Hawakuona mavuno ya nazi yakishuka pale punju wanapokula zaidi. Waliona hata dalili za kupanda. Maelezo yake mkulima yeyote anayaelewa: mnazi hubeba vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea, vingi hudondoka vyenyewe. Anayevipunguza mapema ni kama anapogoa.

Basi nani anamaliza nazi? Angalia chonga, anayetoboa kilele cha mnazi. Angalia na yule mdudu mfyonzaji wa jamii ya kunguni, Pseudotheraptus wayi. Anafyonza vidaka vikiwa vichanga, vinatoa utomvu, vinadondoka. Mkulima anakuta vidaka chini, juu yuko punju, hukumu imeshapita. Na mlinzi mzuri wa mnazi dhidi ya mdudu huyo ni siafu wa mtini tunaowaita maji moto, ambao wengi wenu mnawachoma moto kwa sababu wanauma. Ukitega sumu ya kima, hujagusa chonga, hujagusa mfyonzaji. Umetumia pesa, umehatarisha mbwa, kuku na watoto, na umevunja sheria.

Fanyeni hivi. Chagua minazi 10 wanayopita punju na 10 wasiyopita. Andika nazi za kila mwangu kwa mwaka mzima. Okota vidaka vilivyodondoka, tazama kama vina makovu ya utomvu au vimeng'atwa. Kilimo biashara ni daftari, jamani. Kama hasara ipo, daftari litakuonyesha ni ya nani, na utakuwa na kitu cha kuweka mezani ukienda kudai.

Na kudai ni haki yenu. Watalii wanakuja Jozani kumwona huyu huyu, na wengi wa kima hawa wanakula kwenye mashamba yenu nje ya hifadhi. Sehemu ya fedha hizo hurudi vijijini. Ulizeni kamati zenu inafika wapi. Kima aliye hai ana hoja ya kuwatetea mkiwa mnadai. Aliyekufa kwa sumu hana.