Cheti Chako Kina Muhuri wa Nani? Wadosi Huanzia Hapo

Buda, kabla mzae auze ng'ombe hapo Kimilili ndio upate fii ya koleji, uliza kitu moja: mtihani wa mwisho ni wa nani?

Wasee wengi huona cheti kimetundikwa ofisini wakadhani mambo iko fiti. Kumbe ni cha kusajili biashara tu, hata kinyozi anacho! Koleji ya ufundi inapewa leseni na TVETA, mamlaka ya sheria ya 2013. Vyuo vikuu ni CUE.

Kwa serikali, usijaribu kuchezea karatasi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilianika vyeti feki 2,067 za watu walikuwa tayari kazini. Mdosi akiwa na shaka na cheti cha KNEC, anauliza KNEC wenyewe.

Uuguzi ndio noma kabisa. Koleji ikikosa kibali cha Baraza la Wauguzi, hufanyi mtihani wa leseni. Miaka yako na doo ya mathe zimeenda hivyo.

Garage ni story ingine. Mwenye garage Kitale atakupa spana kwanza, jina la koleji baadaye (kama atauliza). Lakini ukitaka kampuni kubwa, watadai karatasi. Hapo NITA inakuokoa: inatahini hata fundi wa jua kali, kuanzia Gredi 3 hadi 1.

Kimilili mko na Matili Technical, Kitale kuna National Polytechnic. Ukiitiwa koleji ya ghorofani juu ya duka, tafuta jina lake kwa orodha ya TVETA kwanza. Hukosi bando ya hiyo.