WASUTWAO KWA RUZUKU YA WATOTO



Mfuko wa TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, ni mmoja. Ruzuku yake kwa kaya masikini yafika Didia, kule Shinyanga, na yafika Micheweni kwetu Pemba; na masuto nayo ni yale yale. Mama aleaye peke yake akionekana katika safu ya malipo, huambiwa kuwa ni mvivu, azaa apate kulipwa. Hasha! Sehemu ya fedha hizo imefungamanishwa na mtoto kuhudhuria skuli na kliniki. Uvivu gani huo? Sisi wenye maduka twajua zinakokwenda: unga, sabuni, daftari, na deni la mwezi uliopita.

Baba yu wapi? Wa Didia pengine kafuata dhahabu Geita. Wa kwetu kenda dago, hakurudi. Hasutwi na mtu.

Dharau hii ina walimu wake. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 1985 ilimwekea kifungo mwanamke asiye na mume akishika mimba, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2005. Mwanamume naye alitajwa humo, lakini yeye hana tumbo la kumshitaki. Bara, tangu 2017 hadi Novemba 2021, msichana aliyezaa alizuiwa kurudi skuli ya serikali. Kisha huyo huyo aulizwa mbona hana kazi!

Twaitaka Serikali iwasake akina baba hao watoe matumizi ya watoto wao, kwa bidii ile ile iwahakikiayo akina mama mbele ya mkutano wa kijiji.