Ukubwa wa Kamera si Ukubwa wa Hatari

Kijana mmoja wa Katonga, mtoto wa mvuvi, alipanda treni ya Reli ya Kati kuifuata timu yake katika mji mwingine wa nchi hii. Begani alibeba mkoba wenye kamera aliyoinunua kwa mtu baada ya kutumika miaka kadhaa, pamoja na lenzi moja ndefu. Kwa kamera hiyo hupiga picha za harusi, za mahafali ya shule, na zile picha ndogo za vitambulisho ambazo kila mtumishi wa Serikali na kila mwalimu amepata kuzihitaji. Tiketi yake alikuwa nayo mkononi. Alipofika langoni, mwandishi wa makala haya akiwa nyuma yake katika foleni, mlinzi aliufungua mkoba, akaitazama lenzi, akasema: "Hii ni kamera ya kitaalamu. Haiingii."

Kijana aliuliza kwa adabu: "Samahani afande, katazo hilo limeandikwa wapi?" Jibu lilikuwa neno moja: "Usalama." Hakuna aliyeishika kamera ile kuikagua. Hakuna aliyemtaka aiwashe. Hakuna aliyeandika jina lake. Foleni ilikuwa ndefu, watu wakaanza kunung'unika, naye akatoka. Kamera yake, ambayo ndiyo jembe lake, akaikabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza chai nje ya ukuta, mtu asiyemjua, kisha akarudi kutazama mchezo huku moyo wake ukiwa nje ya uwanja.

Nyuma yetu alikuja bwana mmoja amevaa kizibao chenye mifuko mingi, kadi ikining'inia shingoni. Alipita kwa salamu tu, na mikoba yake miwili haikufunguliwa. Wakapita pia mamia ya watu wenye simu za mkononi, na jukwaani mmoja wao akawa anaurusha mchezo moja kwa moja kwa jamaa zake tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Uwanja huo hatuutaji, maana shabaha yetu si kumwaibisha mlinzi aliyekuwa akitekeleza alichoagizwa. Shabaha yetu ni agizo lenyewe. Tunasema wazi kwamba katazo linaloipima hatari kwa kutazama urefu wa lenzi halimlindi mtu yeyote. Humwonea mnyonge mwenye chombo chake cha kazi, na humpitisha bila kumkagua yule aliyejua kuvaa.

Asidhani mtu kwamba tunaudharau usalama. Tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wamekusanyika mjini Kampala kutazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi walilipuliwa kwa mabomu, na zaidi ya watu 70 walipoteza maisha. Walikuwa raia waliokwenda kufurahia mpira. Mwenye kuukumbuka msiba ule hawezi kumlaumu askari anayempekua kila mtu langoni. Atamshukuru.

Kamera nayo imewahi kuwa silaha. Tarehe 9 Septemba 2001, huko Afghanistan, watu wawili waliojifanya waandishi wa habari walimuua kiongozi Ahmad Shah Massoud kwa bomu walilolificha katika vifaa vyao vya kupigia picha. Lakini tujifunze fundisho lenyewe, si kivuli chake. Watu wale hawakupenya kwa sababu kamera yao ilikuwa kubwa. Walipenya kwa sababu walikuwa na barua ya kuwatambulisha na sura ya uandishi, nao wenyeji wakaiamini barua kuliko ukaguzi. Turudi basi pale langoni na tumtazame tena bwana wa kizibao aliyepita kwa salamu. Kama siku ile kulikuwa na hatari, ni nani aliyeachiwa mlango wazi? Ni kijana wa Katonga aliyefungua mkoba wake mwenyewe, au ni yule ambaye mikoba yake haikuguswa?

Tukiri pia kwamba vipo vifaa ambavyo hata vikikaguliwa havifai kuingia katika jukwaa lililosongamana. Stendi ya kamera yenye miguu mitatu ya chuma huziba njia ambayo watu wataihitaji wakikimbia, na mkononi mwa mtu aliyekasirika hugeuka rungu. Lenzi ndefu kupita kiasi humziba mtu wa nyuma ambaye naye amelipa kiingilio. Hizo ni sababu zenye maana, na mtu akielezwa atazielewa. Waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 walitangaza mapema kwamba vifaa vya picha vyenye urefu unaozidi sentimita 30, pamoja na stendi zake, havitaingia. Mtu anaweza kuliona katazo hilo kuwa kali, lakini lilikuwa na kipimo. Aliyekuwa nyumbani angeweza kuchukua rula, akapima, akajua la kuacha. "Kamera ya kitaalamu" si kipimo. Ni maoni ya mtu aliyesimama langoni siku hiyo.

Ipo sababu ya pili, nayo husemwa kwa kunong'ona. Mpira siku hizi ni biashara kubwa. Mwezi Mei 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania liliingia mkataba wa miaka kumi na Azam Media wa kuonyesha ligi, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hatuna ugomvi na mkataba huo. Fedha hizo huziendesha klabu na huwalipa wachezaji mishahara, na aliyelipa ana haki ya kulindiwa alichokinunua. Lakini kama kamera inazuiliwa ili kulinda haki za picha, basi na isemwe hivyo, kwa Kiswahili, na iandikwe kwenye tiketi. Kulibandika jina la usalama juu ya jambo la biashara ni kuwafundisha wananchi kuutilia shaka usalama wenyewe. Siku ya hatari ya kweli itakapokuja, askari akasema "usalama", nao wakadhani ni hadithi ile ile ya haki za picha, nani atabeba lawama?

Hapa tuwageukie pia wapiga picha wenyewe, maana hawakosi makosa. Wapo wanaonunua kizibao kabla ya kujifunza kazi. Wapo wanaotundika shingoni kadi zilizokwisha muda, au kadi za vyombo visivyojulikana, ili wapite bure na kusimama nyuma ya goli. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati na kitambulisho kwa wanahabari. Anayejifanya mwanahabari huku si mwanahabari anamharibia yule mkweli, na ndiye anayempa mlinzi kisingizio cha kumfukuza kila mwenye lenzi. Mpiga picha wa harusi hana haja ya kusema uongo. Aseme: mimi ni mtazamaji, nimelipa, kamera hii ni yangu, ikagueni. Jibu analostahili mtu huyo ni ukaguzi.

Msomaji aliye ofisini anaweza kuuliza: picha za kijana mmoja zina uzito gani hata gazeti la Chama litumie wino kuzizungumzia? Watu wa Kigoma ndio wenye jibu. Mwaka 1871 Stanley alikutana na Livingstone pale Ujiji. Mchoro wa mkutano ule, ambao dunia nzima imeuona, ulichongwa Ulaya kwa ajili ya kitabu cha Stanley kilichotoka mwaka uliofuata. Wazungu wawili wako katikati, wanavuliana kofia. Watu wa Ujiji, wenye mji, wenye soko, wenye ziwa, wamesimama pembeni kama miti. Hatujui nyuso zao wala majina yao. Zaidi ya miaka 150 imepita, na bado mji wetu unajulikana kwa jicho la mgeni, kwa sababu siku ile mwenyeji hakuwa na chombo cha kujionyesha mwenyewe.

Tutazame na mfano wa pili. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Jiji la Mexico, mwanariadha wetu John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti katika mbio za marathoni. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watazamaji wengi walikwisha ondoka. Lakini palikuwa na wapiga picha wa filamu ambao hawajafunga vifaa vyao. Kwa sababu hiyo tu, walimu wetu wanaweza leo kuwaonyesha wanafunzi Mtanzania akitimiza alichotumwa na nchi yake. Kama kamera zile zingekuwa zimeondoka na umati, Akhwari angebaki mstari mmoja wa mwisho katika orodha ya matokeo.

Kigoma nayo ilipata siku yake. Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na Simba ikashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Picha za mfungaji zipo, kwa kuwa kazi ya mpiga picha wa gazeti ni kuufuata mpira, na kazi hiyo ni ya heshima. Lakini siku kama ile si bao peke yake. Kuna mvuvi aliyeacha chombo chake mwaloni, kuna mama aliyefunga duka la dagaa, kuna mzee aliyeingia uwanjani akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Hao hawafuatwi na kamera ya mkataba. Watapigwa picha na mtoto wa nyumbani, au hawatapigwa kabisa. Simu itasaidia kidogo, lakini kutoka jukwaani hadi ng'ambo ya uwanja simu ya mtu wa kawaida huleta nukta za rangi, si nyuso.

Viwanja vingi vya mikoani, Kirumba na Sokoine vikiwa miongoni mwao, ni mali ya Chama. Si haki mwananchi ageuzwe mgeni mlangoni mwa kiwanja chake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wananchi. Mwongozo huo huo uliukabidhi ulinzi wa nchi kwa wananchi wenyewe. Mwananchi mwenye kamera ni jicho la ziada la ulinzi. Mara ngapi fujo za viwanjani zimetambulika kwa picha zilizopigwa na watazamaji?

Kwa watu wa Katonga jambo hili si geni, kwani utawala mzuri wanaujua wakiuona. Afisa uvuvi anapofika mwaloni, hauchukui wavu kwa sababu unaonekana mkubwa. Anapima matundu kwa kipimo, na mvuvi anasimama kando akitazama. Mwaka 2024 Serikali ilipositisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, tarehe zilitangazwa mapema na sababu ikaelezwa: kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Ilikuwa miezi migumu kwa wenye kula kwa jasho la usiku mmoja. Lakini mvuvi alijua ni lini, kwa nini, na hadi lini. Ikiwa Serikali iliweza kuliwekea utaratibu ziwa zima, mlango wa uwanja unashindikana nini?

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mchezo wenye ulinzi mkali utangaze mapema, kwa Kiswahili na kwa kipimo cha sentimita, kifaa gani kinaingia na kipi hakiingii. Pili, kila mkoba ufunguliwe na kila kamera iwashwe, iwe ya mtazamaji au ya mwenye kadi, bila kuogopa kizibao. Tatu, kisichoruhusiwa kipokewe katika chumba maalumu kwa stakabadhi, mtu asilazimike kumwachia muuza chai mali yake. Nne, mpiga picha wa wilaya anayetaka kuingia na vifaa vyake aandikishwe mapema kwa afisa utamaduni au afisa michezo, na kama ni haki za biashara zinazolindwa, atie saini kwamba hatauza picha za mchezo.

Mapendekezo haya hayadai fedha nyingi. Yanadai karatasi, rula, chumba kimoja na mtumishi anayefika kazini mapema. Tena wakati wake ni sasa. Mwezi Agosti 2025 nchi yetu ilishirikiana na Kenya na Uganda kuandaa mashindano ya CHAN, na tangu Septemba 2023 nchi hizo tatu zilikabidhiwa dhamana ya AFCON ya mwaka 2027. Ulinzi utakuwa mkali, na ni lazima uwe mkali.

Wengi mnaosoma ukurasa huu ndio mtakaokaa katika kamati, mtakaoandika matangazo na kugonga mihuri. Walimu ndio mtakaoongoza misafara ya wanafunzi hadi langoni. Kabla hamjatia saini katazo, jiulizeni kama mnaweza kulieleza kwa sentensi moja kwa kijana wa Katonga aliyesafiri kwa treni na tiketi mkononi. Kama hamwezi, lirudisheni kwa aliyeliandika.