Chama chenu kinahitaji lahajedwali ama hifadhidata?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa Nakuru, vyama vingi vimeshahamisha daftari kutoka kwenye kitabu hadi kwenye simu ama kompyuta. Sasa swali ni moja: tubaki na Excel, ama tutafute mtu atutengenezee sistimu?

Maoni yetu tuyaseme mapema. Urefu wa orodha yenu si kitu cha kuwaamulia. Angalieni mambo mawili: ni watu wangapi wanaoandika humo, na habari moja imeandikwa mahali pangapi.

Kwanza tuelewane. Lahajedwali, kama Excel ama Google Sheets, ni karatasi ya mistari na safu. Unaandika popote unapotaka, na mara nyingi haikuulizi kitu. Hifadhidata ni kama kabati la faili lenye karani mkali. Kila habari ina mahali pake, na ukiandika jina kwenye nafasi ya tarehe, inakataa. Zile sistimu unazoziona kwenye kaunta ya sacco zina hifadhidata ndani yake.

Tuseme kuna chama cha akina mama 15 pale Free Area, kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hayo ni malipo 180, na mweka hazina ni mmoja. Hao lahajedwali inawatosha kabisa. Sistimu itawaletea gharama ya kuitengeneza na ya kuirekebisha, na siku fundi wake akihamia Nairobi, watabaki na kitu ambacho hakuna anayejua kukifungua.

Lakini kuna makosa matatu ya lahajedwali yanayokula pesa za watu polepole. La kwanza ni nambari za simu. Ukiandika nambari inayoanza na 07, Excel hudhani ni hesabu na kuifuta ile sifuri. Ukianza na 254, zinakuwa tarakimu 12, na unaweza kuona kitu kama 2.547E+11. Kabla ya kuandika, ichague safu nzima ya simu na uifanye iwe ya maandishi. La pili ni kupanga majina kwa alfabeti bila kuchagua safu zote: majina yanahama, pesa zinabaki, na mchango wa Akinyi unakuwa wa Chebet. La tatu ni kopi nyingi zinazozunguka WhatsApp, kila mtu akiamini yake ndiyo ya mwisho.

Sasa twende upande wa Njoro. Tuseme kuna kikundi cha wafugaji 40 ambao maziwa yao hupimwa asubuhi na jioni. Hiyo ni mistari 80 kwa siku, 2,400 kwa mwezi wa siku 30. Karatasi moja ya Excel ya siku hizi hubeba mistari 1,048,576, kwa hivyo wana nafasi ya miaka zaidi ya 30. Shida yao iko kwingine.

Karani wa mizani ana faili la lita. Wa stoo ana faili la chakula cha ng'ombe kilichochukuliwa kwa mkopo. Mweka hazina ana faili la malipo. Jina na simu ya kila mfugaji viko kwenye mafaili yote matatu. Mama mmoja ananunua laini mpya, ya zamani anamwachia kijana wake aliye Nairobi, na asubuhi anamwambia karani wa mizani. Karani anabadilisha kwenye faili lake, basi. Mwisho wa mwezi mweka hazina analipa kwa nambari ya zamani. Kijana anaona pesa imeingia, anadhani mama amemkumbuka, analipa kodi ya nyumba. Hakuna aliyeiba, lakini jaribu kueleza hivyo kwenye mkutano wa wafugaji ambao tayari walikuwa wakinong'ona kuhusu mizani.

Kikundi kama hicho kimefika mahali pa hifadhidata. Humo simu ya mama huandikwa mara moja tu, kwenye orodha ya wanachama. Lita, mikopo na malipo vyote humtambua kwa nambari yake ya uanachama. Ukirekebisha mahali pamoja, umerekebisha kote. Na ikitengenezwa vizuri, inaonyesha nani alibadilisha nini, na lini.

Msidhani haya huwapata wafugaji peke yao. Oktoba 2020, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikiri kwamba karibu visa 16,000 vya korona havikuingia kwenye hesabu kwa wakati. Walikuwa wakitumia muundo wa zamani wa Excel, unaobeba mistari 65,536 tu, na iliyozidi ikaachwa nje kimyakimya. Wataalamu walikuwepo na pesa zilikuwepo. Chombo ndicho hakikufaa kazi ile.

Wapo watakaosema ni heri kununua sistimu mapema, chama kikikua kikute kila kitu tayari. Sisi hatukubali. Orodha iliyochafuka ukiihamishia kwenye hifadhidata, umehamisha uchafu tu. Anzeni kwa kumpa kila mwanachama nambari, maana mkiwa na Wanjiru watatu jina halitoshi. Wekeni majina na simu kwenye orodha moja, na mtu mmoja awe na kazi ya kuirekebisha. Hiyo haigharimu chochote, na siku mkihama itawapunguzia kazi.

Hameni mkiona watu wawili ama zaidi wanaandika kila siku, habari ileile inarudiwa kwenye mafaili tofauti, na swali dogo kama "mkopo wa nani umepita malipo yake?" linawachukua jioni nzima.

Chochote mtakachochagua, simu na vitambulisho vya wanachama ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka vilindwe. Wekeni nywila, wekeni kopi ya akiba mahali pengine, na PIN ya mtu yeyote isiandikwe kwenye faili lolote.

Kwenye mkutano wenu ujao, kila mmoja asome nambari yake ya simu kwa sauti huku mweka hazina akiangalia orodha ya malipo. Ikiwa hata moja haitalingana, irekebisheni hapohapo, kabla pesa nyingine haijatumwa.