Magomba ya Makunduchi

Bwana Mhariri,

Mwezi wa Julai nilihudhuria sherehe ya mwaka mpya ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, na katika lile zogo la wanaume kupigana kwa magomba, kabla kibanda cha makuti hakijatiwa moto, nilichapwa begani na mzee ambaye, nilipomkazia macho, nilimtambua kuwa ndiye aliyekuwa mlinda mlango wetu wa skuli, asiyeweza kudaka hata chungwa. (Siku hiyo alilenga barabara!) Na kwa kuwa mila yenyewe ni ya kutoa vinyongo vya mwaka, nilimlipa kwa kila bao alilofungwa. Vijana walisimama kando wakipiga picha. Nawasihi, mwakani washike magomba.

Wako mtiifu,
Mzee wa Kiwanjani
Unguja