KIDONDA KISICHOANDIKWA HAKILIPWI



Kazi ya reli haina huruma. Taruma huangukia mguu, mabehewa hubana vidole, cheche huingia jichoni. Haya sote twayajua, wala hatuandiki leo ili kuwatisha vijana. Twaandika kwa sababu wenzetu wengi huumia mara mbili: mara ya kwanza kazini, na mara ya pili ofisini, wanapoambiwa kwamba habari zao hazimo katika karatasi yo yote.

Sheria ipo. Ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008 mahali pa ile sheria ya zamani ya fidia. Inamlinda mtu wa mshahara wa mwezi na kibarua wa siku, mwenye mkataba wa maandishi na mwenye mkataba wa mdomo. Basi nyapara akimwambia kibarua, "Wewe huna barua ya kazi, huna haki," hilo ni neno la nyapara, si neno la sheria.

Tazameni hesabu. Fidia ya ulemavu wa kudumu hupatikana kwa kuchukua mapato ya miezi 96, kisha kutoa humo sehemu kwa mia aliyopimwa mgonjwa. Mtu wa mshahara wa shilingi 20,000 akipimwa sehemu 10 kwa mia, fidia yake ni shilingi 192,000. Aliyepoteza macho yote mawili huhesabiwa sehemu 100 kwa mia. Naye asiyeweza kazi kwa muda wa siku tatu au zaidi anastahili kuendelea kupata mapato yake mpaka apone, ila isizidi miezi 12. Gharama za matibabu ni juu ya mwajiri.

Sasa linganisheni hesabu hiyo na ile bahasha ya "pole" ambayo mtu hupewa langoni na kuambiwa atie sahihi. Hatusemi bahasha ikataliwe, maana watoto wanataka kula. Twasema usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Kumtisha mfanya kazi au kumshurutisha ili akose haki yake ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo.

Njia ya kudai ni hii.

Kwanza, mwarifu mwajiri siku ile ile. Sheria yakubali mdomo au maandishi, lakini maandishi ni bora. Taja siku, saa, mahali, kazi uliyokuwa ukifanya, na majina ya walioona. Kama mkono wako ndio ulioumia, mwenzako akuandikie, hilo laruhusiwa.

Pili, mwajiri akiisha kupata habari, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Fomu yake ni DOSH/WIBA 1, ile ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la LD 104. Sehemu moja hujazwa na mwajiri na sehemu nyingine na daktari. Uliza imepelekwa lini, nawe uweke nakala nyumbani.

Tatu, dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Kwa aliyefariki, jamaa zake wahesabu miezi 12 tangu siku ya kifo. Hapa ndipo wengi wanapozama. Mtu husubiri mguu upone, husubiri mkubwa arudi kutoka likizo, husubiri ahadi, na kumbe mwaka umekwisha.

Nne, Mkurugenzi akiisha kulipeleka dai, mwajiri au kampuni ya bima ana siku 90 za kulipa. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, andika pingamizi katika siku 60. Akikujibu na bado hujaridhika, una siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Wako watu wanaozunguka hospitalini wakisema kesi iende mahakamani moja kwa moja. Jambo hilo lilibishaniwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba sheria hii haivunji Katiba. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni ofisi ya Mkurugenzi. Asiyepita hapo apoteza nauli na wakati.

Tena, fidia ni jambo moja, na kadi ya ulemavu ni jambo jingine. Kulipwa fidia hakumpi mtu kadi. Aliyebaki na ulemavu na apimwe katika hospitali ya Serikali, kisha ajiandikishe kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Akiisha kuandikishwa aweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Naye ambaye hawezi tena kazi yo yote aulize NSSF juu ya malipo ya mwanachama aliyelemaa. Akiba ile ni jasho lake mwenyewe.

Kwa Serikali twasema hivi: si haki dai la mgonjwa lianze na karatasi inayojazwa na yule yule anayedaiwa. Kweli sheria yasema kwamba kukosa kuripoti hakumnyimi mtu fidia ikiwa mwajiri alijua ajali kwa njia nyingine. Lakini ni nani atakayethibitisha kwamba alijua, ikiwa mashahidi wamehamishwa stesheni na kibarua amekwisha kuondolewa?

Jibu letu liwe daftari. Twaomba kila tawi linunue daftari moja la ajali, likae kwa katibu, na kila jeraha liandikwe humo siku ile ile, hata kama ni ukucha tu, na mashahidi wawili watie sahihi. Katibu ahesabu siku 7, kisha aende kuuliza juu ya fomu. Kazi hiyo haihitaji mwanasheria wala fedha nyingi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkono wa mfanya kazi ndio mali yake.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI